Kuimba namba za Philip Glass: nilivyoifundisha kwaya

Katika Einstein on the Beach, opera ya mtunzi Mmarekani Philip Glass, kwaya huimba zaidi namba, ambazo ni hesabu ya mapigo, na majina ya solfa (do, re, mi...), ambayo ndiyo noti zenyewe. Ndiyo maana nilipoifundisha kwaya sehemu ya ufunguzi, nilianza na kuhesabu. Sauti zilifuata baadaye.

Besi ya kinanda ina noti tatu ndefu: la mapigo 4, so mapigo 6, do mapigo 8, kisha inarudi mwanzo. Wote, hata soprano, waliimba kwanza besi hiyo, metronomu, kifaa cha kutoa mapigo, ikiwa kwenye 60, yaani pigo moja kila sekunde, wakipiga kofi pale noti inapobadilika. Aliyezoea nyimbo za mapigo manne manne huikata so mapema au huivuta hadi 8. Sikuongeza kasi mpaka makofi yakalia kama mtu mmoja.

Zikaja namba, kwa Kiingereza kama zilivyoandikwa. Hapo "seven" husumbua: ni yenye silabi mbili peke yake kati ya 1 na 8, hivyo huichelewesha "eight". Tuliikazia silabi ya kwanza, ya pili tukaipitia kwa wepesi.

Pumzi inahitaji mpango, kwa sababu marudio hayana kituo. Majirani wawili wasipumue pamoja. Anayepumua aache namba moja nzima, aingie kwenye inayofuata. Akiiba nusu pigo, ataharakisha, na safu nzima itamfuata.

Marudio yenyewe ahesabu mtu mmoja tu. Glass alikuwa akitikisa kichwa akiwa kwenye kinanda chake kuwaonyesha wenzake mwisho wa marudio, na mpiga kinanda wetu alifanya hivyo hivyo.

Mbinu yake ya kuujenga muziki kwa kuongeza vipande vidogo vya mdundo Glass aliikuta Paris miaka ya 1960, alipokuwa akiuandika kwenye noti muziki wa Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, kwa ajili ya filamu. Haikumtajirisha upesi. Mwaka 1976 Einstein on the Beach, aliyoitunga na mwongozaji wa jukwaa Robert Wilson, ilianzia Avignon, Ufaransa, ikajaza ukumbi wa Metropolitan Opera wa New York na bado ikaacha deni. Glass akarudi kuendesha teksi. Satyagraha, opera yake iliyofuata, iliyoanzia Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1980, huimbwa kwa Kisanskriti. Kwa kwaya inayoitaka hiyo, ningeimbisha midundo yote kwa namba kwanza, maneno yaingie mapigo yakiwa yamekwisha kukaa.