Usiguse mlango

Ijumaa, 30 Julai 2021
Shangani, Mtwara

Ni usiku wa sita sasa, na kila nikizima taa nazisikia zile kandambili zikirudi nyuma. Hatua mbili, kisha kimya.

Kadogo mnamjua. Ndiye yule wa mwaka wa kwanza niliyewaandikia habari zake mwezi wa tano, aliyerudi kutoka kwao Nanyamba na ndoo ya ming'oko akatugawia bweni zima kabla hajatandika hata kitanda chake. Tangu siku ile ananiita dada, nami namwita mdogo wangu, na simwiti hivyo kwa mdomo tu.

Jumamosi, saa sita kasoro usiku, alibisha hodi chumbani kwangu. Nayaandika yote yaliyosemwa, maana ni machache na nimeyakariri.

— Dada.

— Nani?

— Mimi. Dada, mwili unawaka moto, kifua nacho kinabana. Naweza kuingia?

— Subiri hapohapo. Usiguse mlango.

— Haya, dada.

Ndipo nikazisikia kandambili.

Mtaniambia sikukosea. Matroni kaniambia, mwenzangu wa chumbani kaniambia, hata yule muuguzi kaniambia. Chumba chetu kina vitanda vinne na dirisha moja. Mtu mwenye homa na kifua kinachobana hapaswi kuingizwa humo wakati huu wa korona ambapo kila wiki tunasikia msiba wa mtu tunayemfahamu. Najua. Ila angeweza kuzuiliwa nje kwa maneno mengine. "Nakuja mdogo wangu, kaa hapo kibarazani nivae barakoa." Hayo tu. Nayo yangemzuia vilevile, na wala yasingenichelewesha. Nimeyapanga na kuyapangua siku sita, na kila mara yananijia mepesi, ya kusema mtu yeyote. Usiku ule hayakuja. Nilichokimbilia ni "usiguse".

Nilipofungua nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya saruji, kanga kichwani, mikono yote miwili ameificha ndani ya kanga mpaka viwikoni. Hakuwa anasikia baridi, kwa sababu shingoni jasho lilikuwa linamtiririka. Aliificha ili nione kwamba hagusi kitu.

Nikampa barakoa, nikamwekea chupa ya maji chini nikasogea hatua kadhaa. Nikampigia matroni, simu ikaita weee bila kupokelewa. Nikapiga 199, ile namba ya wizara ya afya isiyokatwa salio, nikaulizwa: anapumua vipi, anaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi, midomo ina rangi gani, dalili zimeanza lini? Nikamuuliza Kadogo zimeanza lini. Akasema Alhamisi.

Alhamisi! Siku mbili alikuwa anatembea nazo. Ijumaa tulikaa benchi moja bwaloni. Alimeza za maumivu kutoka duka la dawa, halafu rafiki yake akampa vidonge vinne vya mseto, dawa ya malaria, alivyovibakisha tangu mwezi wa pili, akavimeza bila kupima chochote. Nilipomuuliza mbona hakusema, alijibu kwamba mitihani inaanza Jumatatu ya tarehe 2 na amesikia ukisema unaumwa unafungiwa, unarudia mwaka. Nani alimwambia hivyo sijui. Lakini nani alimwambia vinginevyo? Mimi ndiye kiongozi wa bweni.

Matroni alipopiga mwenyewe baada ya robo saa, mambo yalienda haraka. Alikuja na bajaji, tukakunja maturubai ya pande zote ili upepo upite, Kadogo akakaa nyuma na matroni, mimi nikabanana na dereva mbele, wote na barakoa. Mji ulikuwa umelala, na upepo wa bahari wa Julai, mnaujua, unapenya mpaka mifupani. Nyuma yangu nilimsikia akikohoa ndani ya kanga, kikohozi kidogo, cha mtu anayejizuia.

Hospitali walianza na kidole. Muuguzi alimbana kipima oksijeni kwenye kidole cha shahada, taa nyekundu ikawaka, namba haikutokea. Akakitoa, akakifuta, akarudisha, namba ikaruka ruka na kupotea. Akaushika mkono wa Kadogo akausogeza kwenye mwanga. "Piko hii ya Idi, mwanangu. Imeziba." Kucha tisa zilikuwa nyeusi tii. Akazihesabu moja moja mpaka akafika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho inaelekea piko ilikwisha kabla ya kukifikia. Akakibana hicho. Tukangoja. 97. Akasema ingeshuka chini ya 94 asingeturudisha chuoni usiku ule.

Halafu tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka, dakika kama ishirini za kukitazama, mistari miwili. Malaria. Nikashusha pumzi kwa sauti mpaka muuguzi akanigeukia. "Usifurahi upesi," akasema. "Mtu anaweza kuwa na malaria na hiki kingine pamoja. Malaria haimkatazi mwenzake kuingia." Wakamchukua sampuli ya puani, majibu yake mpaka leo hatujapata. Akapewa mseto wake kamili, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, na onyo kali juu ya vile vya kugawana. Na akaambiwa akae peke yake siku kumi tangu dalili zilipoanza, na asitoke mpaka zipite siku tatu mfululizo bila homa wala kifua.

Basi yuko kwenye kile chumba cha pembeni, karibu na stoo ya magodoro, tulichokifagia saa tisa usiku ule ule. Wenzake watatu wa chumbani wanapimwa joto asubuhi na jioni, wako salama. Jumapili Simba ikabeba kombe kule Kigoma, Jumatano Rais Samia akachanjwa na kuizindua chanjo, bweni likabishana mpaka saa nne usiku. Mimi nilikuwa nachemsha uji.

Jumapili hiyohiyo asubuhi, nikirudi kutoka kuchota maji, nilisimama mbele ya tangazo letu la mlangoni. Niliandika mwenyewe, kwa kalamu nene ya bluu, mwezi huu huu ugonjwa ulipopanda. Mwenye homa au kikohozi asiingie chumba cha mwenzake. Asichangie kikombe. Asikae bwaloni. Asiende darasani. Asifiche. Mistari mitano, na yote asi, asi, asi. Hakuna hata mmoja unaomwambia aende wapi, ampigie nani usiku wa manane, chakula ataletewa na nani, mtihani wake utakuwaje. Nikajisikia vibaya tumboni kabisa. Kumbe yale maneno ya mlangoni nilikuwa nayo tayari tangu nilipoliandika tangazo.

Nimelibandua. Jipya linasema hivi: ukijisikia vibaya, saa yoyote, vaa barakoa, kaa penye upepo, tupigie, tutakuja. Nimeweka namba yangu, ya matroni, na 199. Nimeandika kwamba homa ya huku kwetu ipimwe malaria kwanza na mseto usimezwe kwa kubahatisha. Na mtihani: nilikwenda kwa mkuu wa idara yake Jumatatu, akanieleza kuwa mwenye barua ya daktari, ikifika kabla ya mtihani kuanza, atafanya mtihani maalumu, harudii mwaka. Barua imefika Jumanne. Naomba mliopo vyuo vingine mkaulize kwenu utaratibu ukoje, muulize sasa mkiwa wazima, mbandike mlangoni.

Neno "tutakuja" nimeliandika mara mbili.

Chakula nampelekea mimi. Naweka sahani kwenye dirisha, nasogea, naye anakuja kuchukua. Na kila akiniona nakaribia, anaingiza mikono ndani ya kanga. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, kila mlo. Nilitaka kumwomba radhi tangu siku ya kwanza, lakini kuomba radhi kwa kupaza sauti dirishani, barakoa usoni, watu wanapita na ndoo, nilishindwa. Nikawa nauliza tu umelalaje, umekojoa vizuri, umekunywa maji?

Jumatano mchana nilimpelekea ugali na mbaazi za nazi. Nikasogea mpaka kwenye mwembe, nikakaa. Nilikuwa na hofu moja sikuisema kwa mtu: toka Jumapili alikuwa anakula kila kitu bila kusema neno, uji usio na sukari, mchuzi uliopoa, chochote, naye ndiye mtu aliyewahi kugomea wali wa bwalo zima kwa sababu umeungua kidogo. Nilishajua moyoni kwamba ladha imempotea na majibu ya ile sampuli nayajua kabla hayajaja.

Akachukua tonge, akachovya, akatafuna. Akasimama.

— Dada!

— Naam?

— Chumvi gani hii? Umemwaga kopo?

Nilisimama nikaenda nyuma ya stoo nikalia. Nililia kwa furaha. Baadaye nikaonja zilizobaki sufuriani, na kweli zilikuwa hazilishiki. Sijui sampuli itasemaje, na siku zake atazimaliza hukohuko ndani kama alivyoambiwa. Lakini alikuwa amekunja uso, mkono mmoja umeshika sahani, mwingine uko nje ya dirisha unaninyooshea kidole. Piko imeanza kukwanguka.

Leo jioni mikono imerudi ndani ya kanga. Au labda kulikuwa na baridi.

Na huku mama kapiga kutoka Tandahimba. Alinitumia hela ya matumizi na tozo mpya ya miamala ya simu imeila kabla yangu, ila hilo hakulilalamikia. Anasema mikorosho ya upande wa bondeni imetoa maua na salfa imepulizwa mara moja tu. Raundi ya pili ilikuwa iwe wiki hii, mashine imekufa, na mjomba aliyeahidi kuleta ya kwake hapokei simu. Usiku umande ni mwingi. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, umeshaingia, anasema, ukilishika ua linaacha unga mweupe kidoleni. Nusu ya ada ninayodaiwa iko kwenye mikorosho hiyo ya bondeni. Nimempigia mjomba mara tatu. Kesho alfajiri, kabla hajatoka kwenda shamba, nitampigia tena.