Fito za Babu

Agosti 2016 nilirudi Muheza kutoka Nane Nane ya Morogoro na mfuko wa vipeperushi vya matrekta. Moyoni nilishaamua: lile jekundu, Massey Ferguson la hosipawa 75, ambalo nilikuwa nimelipanda na kulikalia mpaka muuzaji akachoka kunitazama. Shamba la machungwa aliloniachia baba ni ekari 14, na kila masika majani yalikuwa yananishinda. Vibarua wa kufyeka nao hawapatikani, bodaboda imewachukua.

Mama akasema nisilipe kitu kabla sijamwona babu mmoja wa kijiji cha pili, aliyeendesha matrekta kwenye mashamba ya mkonge tangu ujana wake. Nilikwenda kwa heshima ya mama tu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Trekta la kazi gani?"

Nikaanza kumsomea kipeperushi. Akanikatisha. "Hayo ya muuzaji. Kwako wewe litafanya nini?"

Kufyeka, nikasema, kutoa machungwa hadi barabarani, na kulima.

"Utalima wapi? Kwenye michungwa?"

Nikanyamaza. Mizizi ya mchungwa inayotafuta chakula iko juu juu, na plau ya diski ikipita hapo inaikata. Kulima kukafutwa. Ilibaki ekari moja na nusu ya mahindi kule bondeni, na hiyo, kwa Babu, ilikuwa kazi ya kukodi trekta la mtu siku moja kwa mwaka, basi.

Asubuhi yake akaja na panga. Akaniuliza upana wa lile jekundu. Nikamwambia karibu mita mbili. Akakata fito, akazifunga kwa kamba ya katani mpaka ikawa kama fremu ya mlango, kimo chake sawa na bomba la moshi. "Shika huko." Tukaanza kuipitisha katikati ya michungwa, mimi huku na yeye kule, kama watu waliobeba jeneza wakamsahau maiti nyumbani. Mstari wa kwanza tulipita. Wa pili fito zikakwaruza matawi, machungwa mawili mabichi yakadondoka. Wa tatu tukakwama kabisa. Baba alipanda kwa mita sita, lakini miti ilikuwa imeshatanua, na mahali pengine nafasi iliyobaki ilikuwa mita moja na nusu tu.

Tukafika kwenye daraja letu la magogo ya minazi. Babu akaliegemea gogo la katikati kwa mguu mmoja, likalia.

"Lile jekundu lako lina tani ngapi?"

"Kama mbili na nusu."

Akavuka bila kusema kitu. Ng'ambo akafungua kamba, akapunguza fito zikawa mita moja na nusu kasoro kidogo, kwa kipimo chake cha mkono. Nilipoweka futi ikasoma mita 1.4. Kwa upana huo tulipita shamba zima, ukiacha tawi moja ambalo alilikata papo hapo.

Nilinunua trekta dogo la hosipawa 34, magurudumu yote manne yanavuta. Babu alinikumbusha kwamba mashine ya nyuma haizipati hosipawa zote za injini, kwa hiyo nisichukue ya kufyekea iliyo pana kuliko nguvu. Vijana wa kijiweni walipoliona wakauliza, "Bosi, umenunua bajaji?"

Kufyeka lilifyeka. Balaa lilikuja siku ya machungwa. Nilijaza tela kama lori la Dar es Salaam, nikapanda kile kilima cha kutokea barabarani, na katikati ya mlima usukani ukawa mwepesi ghafla. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameacha ardhi. Nikarudisha mguu, yakatua, nikashuka magoti yakigongana. Babu alikuwa amepima miti na daraja. Tamaa yangu hakuipima. Alipokuja akaamuru nusu ya mzigo ishuke, kisha akanituma mjini kununua vyuma vya uzito vya kufunga mbele.

Ile fremu ya fito iliegeshwa ubavuni mwa banda. Haikukaa wiki. Watoto wa jirani waliibeba kwenda uwanjani kufanya goli, na nikisimama barazani jioni nilikuwa nawasikia wakigombana kama mpira umepita ndani au umegonga mwamba.