Namba za watu wengine

Mwaka 2020 nilipewa kazi ya kuunda programu ya mikopo hapa Nairobi. Sharti moja lilikuwa hili: kabla mtu hajakopeshwa, programu isome namba zote zilizo kwenye simu yake na kuzituma kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayohifadhi taarifa. Niliuliza ni za nini. Nikaambiwa, za kupima uaminifu.

Kumbe ni za kudai. Shangazi yangu alichelewa siku nne kulipa shilingi 2,000 alizokopa kwa kampuni nyingine. Mchungaji wake, mwenyekiti wa chama chake na fundi wake wa cherehani wakatumiwa ujumbe kwamba ni mdeni sugu. Mwezi mzima hakukanyaga kanisani. Na mimi nilikuwa nimeandika msimbo, yaani maagizo ya programu, wa aina hiyohiyo, mistari kama kumi na tano tu.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wenzangu wanaosema serikali isiguse teknolojia. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua jamaa na marafiki wa mdeni. Mei 2023 Google nao wakazizuia programu za mikopo kusoma namba hizo, na hapo mlango ukafungwa kweli.

Lakini zile zilizokwisha kukusanywa? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Yule fundi cherehani hajawahi kukopa popote. Atamdai nani, ikiwa hajui namba yake imehifadhiwa kwenye seva ya nani?