Asali ya Sikonge na meza mbili za ukaguzi

Nauza asali, nakaa Isevya hapa Tabora, na mtu wa Tabora hasafiri mikono mitupu. Ukipiga simu kwa ndugu kusema unakuja, hata salamu haijaisha umeshaulizwa, "Asali unaleta?" Nilipoalikwa harusi ya binti wa dada yangu Unguja nikafunga chupa tano za lita moja moja, asali ya Sikonge ya mizinga ya magome, nzito, rangi ya chai ya rangi. Juu yake bonge la nta kwa ajili ya shoga yake dada anayetengeneza mafuta ya nywele.

Toka Tabora nilipanda pangaboi, mzigo ukakaa tumboni mwa ndege, hakuna neno. Mambo yaliharibikia nilikounganisha ndege. Uwanja wenyewe siutaji. Ni mkubwa na una viyoyozi, basi.

Ndege ya pili ilikuwa ndogo na kilo zake za kuhesabu. Wasioshika asali hudhani lita ni kilo. Lita moja ya asali ina kama kilo 1.4, kwa hiyo chupa zangu tano peke yake zilikuwa kilo saba, hata kanga ya kujifunga sijaweka. Binti wa kaunta akatazama mizani, akasema, "Mama, umezidisha. Hamishia vingine mkononi." Nikafungua begi pale pale sakafuni, watu wanapita, nikatoa chupa mbili na bonge la nta nikatia kwenye mkoba. Huo ni ushauri wa kaunta, si wangu.

Meza ya kwanza ya ukaguzi ilikuwa na mashine mbili. Moja inafanya kazi, nyingine imefunikwa turubai kama gari la marehemu. Foleni ikawa moja, ndefu, imejikunja. Nilisimama nyuma ya kijana mwenye mkanda wa chuma, viatu vya buti, saa, cheni, na simu tatu. Kwa muda wote tuliokaa kwenye foleni hakuvua hata kimoja. Alipofika kwenye beseni ndipo akaanza, kimoja kimoja, kama anavuliwa kwa ajili ya sindano. Katikati ya hapo akaja mheshimiwa fulani na watu wake wawili, wakapita pembeni bila kuvua hata miwani. Hakuna aliyesema kitu. Na mimi sikusema, nilitazama tu.

Zamu yangu ikafika. Afisa, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, akainua chupa.

"Ya Tabora hii?"

"Ya Tabora, baba."

"Hii ndiyo yenyewe," akasema, akanirudishia na kuniambia safari njema. Nikapita nimefurahi.

Hatua chache mbele, kwenye mlango wa ukumbi wa kupandia ndege, meza ya pili. Jengo lile lile, sare zile zile. Mkoba ukaingia kwenye mashine, mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukaingia tena. Dada aliyekuwa kwenye skrini akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, wakawa watatu wanatazama skrini na mimi natazama migongo yao. Mkoba ukapitishwa mara ya tatu, umelazwa ubavu. Nyuma yangu watu wameanza kuguna, mmoja akasema kwa sauti, "Mama kabeba nini huyo?"

"Hii ni nini?"

"Asali, mwanangu. Na hiyo nyingine ni nta."

"Hairuhusiwi."

"Pale wameniruhusu."

"Hapa hairuhusiwi. Weka kwenye pipa."

Niseme kweli, sikukasirishwa na kukataliwa. Nilikasirishwa na pipa. Lita mbili za asali ni jasho la mzee fulani aliyelala porini kwenye miombo akisubiri moshi ufanye kazi, leo niitie kwenye pipa pamoja na maganda ya ndizi? Nikakataa kusogea. Nikawaambia nitapanda ndege au sitapanda, lakini naomba nizungumze na mkubwa wao.

Wakati wa kumsubiri nilijaribu hata hoja ya kuganda. Ilikuwa mwezi wa saba, na asubuhi za Tabora za mwezi wa saba mnazijua. Chupa moja ilikuwa imeganda nusu, nyeupe chini. Nikamuuliza yule dada, "Kama tatizo ni maji maji, hiki kilichoganda nacho ni maji?" Akacheka kidogo, mara ya kwanza, halafu akajikaza tena. Nimesoma baadaye kwamba kwenye kanuni hizi asali, jamu, jeli na krimu vyote huhesabiwa kundi moja na maji, iwe imeganda au haijaganda. Kumbe angenijibu tu hivyo.

Mkubwa alikuwa mama mtu mzima. Alishika chupa, akaipindua, akaniambia: "Mama, mwisho ni mililita mia kwa chombo kimoja. Yule wa kule alikosea kukupitisha. Na hiyo nta kwenye skrini inatokea donge zito, ndiyo maana wamesita. Rudi kaunta waipeleke chini kwenye mizigo, utalipia kidogo, nitampigia simu wakusubiri." Nusu dakika. Nilikuwa nimesimama pale karibu saa nzima, na kilichohitajika ni nusu dakika ya mtu kufungua mdomo.

Nililipia, nikawahi, asali ikafika, harusi ikafana.

Baadaye nikatafuta kujua, maana mimi ni mtu wa kutafuta. Ile mashine haijui asali. Inapima miale inavyopenya, kisha inapaka rangi: chuma bluu, na vitu kama chakula, nguo, karatasi na mafuta rangi ya machungwa. Vilipuzi vingi navyo huangukia kwenye rangi hiyo hiyo ya machungwa. Sasa weka bonge la nta karibu na chupa mbili za asali nzito, aliyeko kwenye skrini aone nini? Mimi mwenyewe ningesimamisha mkanda. Na habari ya mililita mia ilianzia Uingereza, Agosti 2006, polisi walipowakamata watu waliopanga kulipua ndege za kwenda Marekani kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za soda.

Asali nayo ina historia yake. Januari 2010, uwanja wa Bakersfield kule California ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya chupa za asali kwenye begi la mtunza bustani. Kipimo kilisema ni kilipuzi, na wakaguzi wawili wakapelekwa hospitali wakilalamika kichefuchefu. Mwishowe ikaonekana ni asali tu. Nilipowasimulia wenzangu wa ushirika, mmoja akauliza kama alirudishiwa chupa zake.

Jirani yangu analima tumbaku Urambo, naye nimemwonya: unawe mikono vizuri kabla ya safari. Viwanja vikubwa vingi hupangusa mikono na mizigo kwa kitambaa na kukipima, na mbolea zenye naitreti zinaweza kukiamsha kipimo. Msimu wa kuweka CAN, mbolea mojawapo ya hizo za naitreti, nusu ya mkoa huu ingebaki kwenye foleni.

Kwa hiyo ukaguzi siupingi. Kukodolea skrini ile ni kazi ngumu, na Ulaya kanuni yao inataka anayeitazama asizidishe dakika kama 20 mfululizo bila kubadilishwa. Sijui yule dada alikuwa na dakika ngapi. Ninachopinga ni meza mbili katika jengo moja kuwa na majibu mawili, na abiria kuonyeshwa migongo. Bango lao lina picha ya pafyumu, mkasi na chupa ya maji. Nani kati yetu anasafiri na pafyumu? Wachore asali, samli, mawese, achari na pilipili ya kusaga, waandike kwa Kiswahili pale kaunta, kabla mtu hajaambiwa ahamishie mkononi.

Siku hizi asali yangu yote inakwenda chini. Kifuniko nakizungushia nailoni na gundi ya karatasi, chupa naisimamisha katikati ya vitenge, kilo za ziada nazitenga kwenye nauli tangu mwanzo. Nta nimeacha kubeba bonge. Naikata vipande vyembamba kama sabuni, navipanga juu kabisa ili anayefungua begi avione kwanza.

Watu wa Kigoma mnaosafirisha mawese kwa ndege, nyie mnafungaje? Nataka kumpelekea dada lita tatu mwezi ujao, na mawese yakivuja kwenye begi sioni kanga itakayopona.