Kloridi 470: zamu ya usiku Hydrate Ridge

Kiangazi cha 2002, pwani ya Oregon, tulikuwa tukichimba ubavuni mwa Hydrate Ridge, mgongo wa mlima ulio chini ya bahari. Nguzo ya tope ilipofika sitahani, kamera ya joto ilipitishwa juu yake kabla ya lolote, kwa sababu haidrati ya methani, yaani kitu kama barafu chenye maji na gesi ya methani, ikiyeyuka hunyonya joto na kuacha ubaridi mahali pake. Likaonekana doa moja. Tulikata sentimita 10 papo hapo, na vipande viwili zaidi, juu na chini ya doa. Hivyo vya pembeni watu huviruka kwa haraka ya kazi, ilhali bila hivyo huna cha kulinganishia.

Maabara tulikwangua ganda la nje, maana ndilo hulowa maji ya bahari yanayosukumwa kisimani wakati wa kuchimba. Kilichobaki kikaingia kwenye mashine ya kukamulia ya titanio, maji yakachujika tone kwa tone hadi kwenye sirinji. Sehemu ya kupimia salfeti ilitiwa asetati ya zinki mara moja. Ukichelewa, salfaidi hukutana na hewa, ikageuka salfeti, na kipimo kikaharibika.

Kwa nitrati ya fedha, kloridi (kipimo cha chumvi) ya vipande vya pembeni ilisoma karibu milimoli 540 kwa lita, kama bahari ya pale. Ya kwenye doa ilisoma 470. Haidrati inapoganda huikataa chumvi; ikiyeyuka humwaga maji matupu yanayozimua yaliyoizunguka.

Ila salfeti ilisoma 4. Kina kile kilikuwa chini ya mpaka ambapo methani na salfeti humalizana, hivyo ilipasa iwe sifuri. Bahari ina kama 29, kwa hiyo asilimia 14 ya sampuli ilikuwa maji ya kuchimbia. Tukayatoa kwa hesabu: kloridi halisi 459, yaani haidrati ilijaza takriban asilimia 18 ya nafasi kati ya chembe. Uchafu ulikuwa umeificha, haukuizua.

Chupa moja ilizibwa kwa ajili ya isotopu, yaani aina za atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, kwani hata udongo wa mfinyanzi wa vilindini hutoa maji matupu. Haidrati hupandisha oksijeni-18 (oksijeni nzito) na deuteri (hidrojeni nzito) pamoja. Mfinyanzi hupandisha oksijeni-18 na kushusha deuteri. Kileleni mwa mgongo uleule hesabu yetu isingefaa: huko haidrati huganda upesi mno, chumvi haiwahi kutoroka, na kloridi huizidi ya bahari kwa mbali.