Unga Kizingitini

Asubuhi ile niliikanyaga kolamu ya Amma, pambo la unga alilolichora mbele ya mlango. Nilikuwa nawahi maziwa dukani, kiza hakijatoka vizuri, na nilipotazama chini ndala yangu ilikuwa imeshaburura mistari myeupe hadi barabarani. Nikasimama palepale, aibu imenijaa.

Ilikuwa Januari 2018, Mylapore, mtaa mkongwe wa Chennai, kusini mwa India. Mimi na mama tulitoka Pemba kwa ajili ya operesheni yake: alikuwa atolewe kizazi. Tulipanga chumba kwa mjane mmoja wa Kitamil ambaye mtaa mzima ulimwita Amma, yaani mama, nasi tukamwita hivyohivyo. Kila alfajiri alimwaga maji mbele ya mlango, akafagia, akainama bila kukunja magoti, kisha akaanza kudondosha unga wa mchele kwa vidole. Kwanza nukta, safu kwa safu. Halafu mstari mmoja unaozizunguka nukta zote, unapinda, unajikata, mpaka unarudi ulikoanzia. Huo ulikuwa mwezi wa Kitamil uitwao Margazhi, ambao kolamu huwa kubwa kuliko kawaida, na katikati yake Amma aliweka donge la samadi ya ng'ombe, akalichomeka ua la boga.

Mama, aliyesuka mikeka tangu usichana wake, alikuwa akimtazama kutoka dirishani. "Huu si ukili huu?" aliniambia siku ya kwanza. "Angalia unavyopita juu ukarudi chini. Mpe miyaa huyu, kesho ana mkeka."

Nilipomwomba Amma radhi, alicheka. Kolamu huchorwa ikanyagwe, alisema. Wageni wapite juu yake, na sisimizi na ndege wale, adhuhuri isibaki kitu. Majirani wengine walitumia unga wa mawe kwa sababu ni mweupe zaidi na haupotei upesi. Amma hakuutaka kabisa. Sisimizi atakula jiwe? Nami niko upande wake hadi leo: sadaka isiyolika ni pambo tu.

Jioni akanichukua hekaluni kwa Kapaleeshwarar, hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, hatua chache kutoka nyumbani. Njiani alinunua asmini. Msimu wa baridi maua hayo huadimika na bei hupanda, lakini muuzaji aliupima ule mshono wa maua kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa! Dhiraa ileile ya bibi zetu.

Tukavua viatu. Mbele yetu ulisimama gopuramu, mnara wa lango, umejaa masanamu ya rangi toka chini hadi juu: miungu, walinzi, wanyama, hakuna nafasi hata ya kuweka kiganja. Amma aliunganisha viganja akausalimu. Mnara ni miguu ya Mungu, alinieleza, na Watamil husema kuuona tu kunampatia mtu thawabu mara milioni kumi. Lakini kadiri unavyoingia ndani, alisema, ndivyo rangi zinavyokwisha. Paa hushuka, mwanga hupungua, mpaka unafika kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, jiwe tupu na taa ya mafuta. Ndimo alimo Shiva. Chumba hicho huitwa karuvarai.

"Karu ni mimba," Amma alisema, akagusa tumbo lake. "Arai ni chumba."

Sikujibu kitu. Koo lilikuwa limenikaba.

Asiye Mhindu haruhusiwi kufika huko, na mimi ni Mwislamu, nisingeomba kuingia. Amma akaniuliza jina la mama na nyota aliyozaliwa nayo, ili kuhani aitaje. Jina nikampa. Nyota sikuijua.

Nikamngojea uani, karibu na mti wa punnai. Wanasimulia kwamba Parvati, mke wa Shiva, alikengeushwa na tausi alipokuwa akifundishwa na mumewe, akageuzwa tausi jike, na chini ya mti kama huo akamwabudu mpaka akarejeshewa umbo lake. Ndiyo asili ya jina la mtaa: *mayil* ni tausi. Nilikaa nikiwatazama wanawake wakipita na taa zao, na nikamwombea mama kwa dua zangu mwenyewe, kimoyomoyo.

Amma alirudi na majivu kwenye paji la uso. Asmini aliyobakiza akanipa. Usiku mama aliitandaza kwenye mto wake kama afanyavyo nyumbani, akalala kabla yangu.

Siku ya operesheni bajaji ilikuja saa kumi na moja alfajiri. Amma alikuwa ameshamaliza kolamu, pana kuliko zote, imeziba njia nzima ya kutokea. Mama akasita kizingitini, akainua pindo la kanga, akatafuta pa kupitia pembeni. Amma akamshika mkono, akampitisha katikati.

Ndani ya bajaji, sakafuni, nyayo za ndala za mama zilionekana nyeupe, mbili, zimekamilika.