Siku Dulwich Hamlet Ilipopanda Daraja

Tarehe 7 Mei 2018 ilikuwa Jumatatu ya mapumziko Uingereza nzima, na jua liliwaka kwa ukali usio wa kawaida katika nchi ile mwezi wa Mei. Siku hiyo Dulwich Hamlet, klabu ndogo ya kusini mwa London, ilicheza na Hendon fainali ya mchujo wa kutoka Ligi ya Isthmian, ambayo ni ngazi ya saba ya soka la Uingereza, kwenda ngazi ya sita, ambako haikuwa imewahi kufika tangu ianzishwe. Nilikwenda na mzee mmoja mwenyeji wa Mombasa, jirani yangu wa Camberwell, aliyeishi London tangu ujana wake na ambaye ndiye aliyenifundisha kuipenda klabu hii.

Kwa ratiba Hamlet walikuwa wenyeji, lakini mechi haikuchezwa Champion Hill, uwanja wao wa kihistoria. Miezi miwili kabla, kampuni iliyomiliki ardhi ya uwanja ule iliwafungia milango, na klabu ikapata hifadhi kwa majirani zao wa Tooting & Mitcham United, katika uwanja wa Imperial Fields kule Morden. Pamoja na kufungiwa uwanja, ilikuja barua ya mawakili iliyoieleza klabu kwamba jina la Dulwich Hamlet Football Club, na hata zile herufi nne za kifupi chake, zilikuwa zimesajiliwa kuwa alama ya biashara ya mtu mwingine. Kwangu mimi barua ile ilikuwa na ubaya kuliko makufuli. Uwanja unaweza kukodishwa pengine, lakini watu waliolibeba jina kwa miaka 125 wataambiwaje kwamba si lao?

Safari ya Morden ilitulazimu kupanda treni na kisha basi, na kwa Mzee hiyo ilikuwa nafasi ya kusimulia. Alianza, kama alivyoanza siku zote, mwaka 1893, pale vijana wawili waliosoma shule ya Dulwich Hamlet walipomwendea Lorraine Wilson wakimwomba awasaidie kuunda timu. Wilson, ambaye wote walikuja kumwita Pa Wilson, hakuiacha timu ile mpaka alipofariki mwaka 1924. Aliiona ikiingia Ligi ya Isthmian mwaka 1907, akaiona ikipoteza vijana wake katika Vita Kuu ya Kwanza, na akajaliwa kuiona ikitwaa Kombe la FA la wachezaji wa ridhaa mwaka 1920. Kombe hilo hilo lilirudi tena mwaka 1932, kwa ushindi wa mabao 7-1 dhidi ya Marine, kisha mwaka 1934 na mwaka 1937. Kuhusu Champion Hill yenyewe, Mzee alipenda kutaja kwamba katika Olimpiki ya mwaka 1948 Korea Kusini iliifunga Mexico mabao 5-3 pale pale, katika uwanja ambao majukwaa yake makubwa yalikuja kubomolewa, likajengwa duka kubwa la vyakula pamoja na uwanja mdogo zaidi, uliofunguliwa mwaka 1992.

Lakini aliyempenda kuliko wote ni Edgar Kail. Kail aliichezea timu ya kwanza ya Hamlet kuanzia mwaka 1919 hadi 1933, akaifungia zaidi ya mabao 400, na mwaka 1929, akiwa bado mchezaji wa ridhaa, aliitwa timu ya taifa ya Uingereza na kucheza mechi tatu. Katika ile ya kwanza, dhidi ya Ufaransa, alifunga mawili. Katika ile ya Madrid alikuwamo uwanjani Uingereza ilipofungwa 4-3 na Hispania, mara yake ya kwanza kufungwa na nchi ya bara la Ulaya. Klabu za kulipwa zilimtaka, naye akabaki Dulwich.

"Mwanangu, angekuwa leo wangemwita mjinga," alisema Mzee tukiwa tumesimama ndani ya basi lililojaa skafu za waridi na buluu iliyokolea. "Lakini hebu sikiliza hao vijana huko juu wanaimba jina la nani."

Nilisikiliza, na kweli walikuwa wakimwimba Kail, vijana ambao hata babu zao huenda hawakumwona akicheza.

Watu walizidi 3,000 siku ile, umati ambao timu nyingi za ngazi hiyo huuona kwa nadra. Tulisimama nyuma ya goli, na kwa kuwa mashabiki wa soka la chini wana uhuru wa kutembea, wakati wa mapumziko tulihamia upande wa pili ili tuwe tena nyuma ya goli tunaloshambulia. Kila Hamlet walipopata kona, mashabiki walitoa funguo mifukoni na kuzitikisa juu ya vichwa vyao. Mzee alikuwa na funguo tano zilizofungwa kwa uzi wa sufu wa waridi, na miongoni mwake ulikuwamo ufunguo mdogo wa kabati lake la karakana ya mabasi alikofanya kazi mpaka akastaafu. Alizitikisa kwa mkono ulionyooka, bila kucheka, kama mtu aliyepewa kazi na anaifanya.

Mchezo ulikuwa mgumu. Misimu miwili iliyotangulia Hamlet walifika fainali kama hii na kushindwa mara zote mbili, na safari hii timu zikawa sare ya 1-1 mpaka mikwaju ya penalti. Mzee hakugeuza uso hata kwa mkwaju mmoja. Alikuwa akihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, yetu na yao, na waliotuzunguka wakaanza kumtazama yeye ili wajue hesabu imefika wapi. Hesabu ilipofika 4-3, uwanja ulijaa watu, na kocha Gavin Rose, aliyeishika timu tangu mwaka 2009, alipotea katikati yao.

Desemba ya mwaka ule ule klabu ilirudi Champion Hill, na mechi ya kwanza ikachezwa siku iliyofuata Krismasi, tayari ikiwa timu ya ngazi ya sita. Hilo hatukulijua bado tuliporudi Camberwell jioni ile ya Mei. Njiani Mzee alizitaja upya zile 1920, 1932, 1934 na 1937, akaongeza 2018. Nilimbishia kwamba kupanda daraja kwa mchujo hakuwezi kuwekwa pamoja na makombe manne ya taifa.

"Wale walitwaa kombe wakiwa na pa kufanyia mazoezi na pa kuanika jezi," alinijibu. "Hawa je?"

Sikuwa na jibu wakati ule, na mpaka leo ninapoitaja miaka ya klabu hii naitaja mitano.